Kutambua mabomu ya ardhini kwa sauti na mtetemo: mtambo unapokosea, anzia hapa

Maswali kuhusu mitambo hii hurudi yaleyale kila muhula, na karibu yote huangukia kwenye dalili chache: "hakuna kinachoonekana", "kila mahali kuna kitu", "jana kilikuwepo, leo hakipo". Nimeyapanga kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili kuna visababishi, vya kawaida kwanza na vya nadra mwisho, na ukaguzi mwepesi unatangulia ule unaohitaji bisibisi.

Mwongozo huu ni wa mtambo wa majaribio: spika iliyoning'inizwa juu ya sanduku la mchanga, bomu bandia lisilo na kilipuzi wala fyuzi, jiofoni (kihisi cha mtetemo kinachochomekwa mchangani kwa mwiba) au leza ya kupimia mtetemo, kadi ya sauti na kompyuta. Si wa kuingilia eneo linaloshukiwa kuwa na mabomu. Mtambo ukikaa kimya, haujasema "hapa ni salama". Umesema tu kwamba haukusikia, na tofauti ya kauli hizo mbili ni mguu wa mtu.

## Mtambo unatafuta nini hasa

Sauti nzito ya kati ya hezi 80 na 300 hivi ikiifikia ardhi, sehemu yake huzama kwenye matundu ya hewa yaliyo kati ya chembe za udongo na kuutikisa kwa kasi ndogo mno, ya kupimwa kwa mikromita kwa sekunde. Bomu la plastiki lina uwazi ndani na mfuniko unaobonyea, kwa hiyo udongo ulio juu yake hucheza kama ngozi ya ngoma huku ule wa pembeni ukitikisika kidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo tunayoiwinda.

Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, James Sabatier na Ning Xiang waliionyesha kwa spika na leza inayosoma mtetemo wa ardhi bila kuigusa. Dimitri Donskoy wa Stevens Institute of Technology, New Jersey, akafuata njia ya kupiga masafa mawili kwa pamoja, ambayo tutaifikia. (Masafa hapa si umbali, ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi.) Waymond Scott wa Georgia Tech alitumia mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, akayasoma kwa rada. Wote walikuwa wakihangaika na jambo moja: mabomu kama M14 ya Marekani, yenye kipenyo cha milimita 56, au Type 72 ya China, yana chuma kidogo sana. Ukikiongezea kigunduzi cha metali makali hadi kiyasikie, kinaanza kulilia kila msumari na kila ganda la risasi.

Kwetu wengi wanaifahamu APOPO ya Morogoro, iliyopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, inayofundisha panya buku. Panya hunusa kilipuzi, TNT. Kigunduzi cha kawaida husaka metali. Sauti husaka ganda lenye uwazi ndani. Kila njia ina upofu wake, na matatizo mengi yaliyo hapa chini hutokana na kuitaka sauti ione kile isichoweza kukiona.

## Rekodi tatu kabla ya kulaumu chochote

Kwanza, washa kila kitu isipokuwa spika, kisha rekodi kwa dakika moja. Hiyo ndiyo kelele yako ya msingi.

Pili, washa spika na urekodi mchanga mtupu, usio na kitu chini, kwenye pointi kadhaa.

Tatu, weka bomu bandia juu ya mchanga bila kulifunika na upime mfuniko wake wenyewe. Ukiwa wazi hauonyeshi kilele, yaani masafa ambayo mtetemo unapanda ghafla kwenye grafu, usihangaike kulifukia. Halitaanza kucheza likishalemewa na mchanga.

Chora grafu zote tatu kwa mizani ileile. Wengi wanaokuja na tatizo hawana rekodi ya mchanga mtupu, na bila hiyo hakuna anayeweza kuwaambia kama kilele chao kimetoka kwenye bomu au kwenye sanduku.

## Dalili: juu ya bomu na pembeni, grafu ni ileile

Spika haitoi sauti unayodhani inatoa. Hiki kinaongoza kwa mbali. Boksi la spika ndogo ya kompyuta linaweza kuahidi kuanzia hezi 20, lakini chini ya hezi 150 utapata kidogo mno. Weka maikrofoni sentimita chache juu ya mchanga, piga sauti inayopanda polepole kutoka hezi 60 hadi 500, uangalie kiwango chake njia nzima. Lenga desibeli 90 hadi 100 palepale mchangani. Sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya kawaida ya muziki vinatosha.

Hapo kuna onyo la kwanza. Kwa kanuni inayoanzia desibeli 85 kwa saa 8 na kukata muda nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku kwa sikio lisilokingwa. Vaa vizibo vya masikio, na anayefanya kazi meza ya pili naye avae. Sauti nzito haiumi kama kali, ndiyo maana watu hukaa nayo mchana kutwa bila kushtuka.

Bomu bandia halifanani na bomu. Kipande cha mbao au kopo lililojazwa saruji vina umbo la bomu bila ulaini wake. PMN ya Kisovieti, yenye kipenyo cha milimita 112, ina mfuniko wa mpira, na ulaini huo ndio unaoifanya iitikie. Chukua kopo la plastiki la ukubwa huo, liache tupu, juu yake kaza kipande cha tyubu ya tairi. Bonyeza katikati kwa kidole: mpira ubonyee kidogo kisha urudi. Usipobonyea, umekaza mno.

Limefukiwa chini mno. Anza na sentimita 1, kisha 2, kisha 5, ukirekodi kila hatua. Bomu dogo likifika kina kinachozidi kipenyo chake, usishangae likipotea. Makubwa ya kulipua magari, kama M19 ya mraba yenye upande wa milimita 332, huonekana kwenye kina kirefu zaidi kwa kuwa eneo la udongo linalocheza ni pana.

Pointi zako zimepishana sana. Ukipima kila sentimita 10, kitu chenye upana wa sentimita 11 kinaweza kupata pointi moja tu, tena ya ukingoni. Zisogeze hadi sentimita 3 au chini ya hapo, upate angalau pointi tatu zikipita katikati yake.

Kopo limejaa. Mfuniko ukivuja, mchanga na maji huingia na uwazi unakwisha. Fukua, litikise karibu na sikio.

Kisababishi hiki cha mwisho ni cha nadra sanduku likiwa jipya, lakini nataka ukikumbuke kuliko vingine vyote. Bomu la kweli lililokaa ardhini miaka mingi, ganda likapasuka na udongo ukaingia, hupoteza ule uwazi unaolifanya liitikie. Sauti hailioni tena, na kilipuzi bado kimo. Vivyo hivyo ganda nene la chuma hucheza kidogo kuliko la plastiki. Ukiandika ripoti usiandike "eneo halina kitu". Andika "hakuna mwitikio uliopimwa", kisha utaje kina, aina ya udongo na kitu ulichokuwa ukitafuta.

## Dalili: kila mahali kuna kilele, kwenye masafa yaleyale

Soma kwanza namba zake. Zikiwa 50, 100, 150, 200 au 250, acha mchanga ulivyo: huo ni umeme wa ukutani. Gridi yetu ni ya hezi 50, na vizidishi vyake vinadondokea katikati kabisa ya eneo tunalofanyia kazi. Linganisha na rekodi ya kwanza, ile ya spika ikiwa imezimwa. Vilele vikiwepo hata hapo, jibu umelipata.

Tiba inaanza na rahisi. Chomoa chaja ya laptopu ufanye kazi kwa betri. Zima taa za mirija. Tenganisha waya za jiofoni na za umeme, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba. Chomeka amplifaya na kadi ya sauti kwenye soketi moja ili zisiwe na njia mbili za kwenda ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Watu wengine hufunga kipini cha ethi kwa gundi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo. Waya ule upo ili chasi ya amplifaya isikuue siku waya wa moto ukiigusa. Mvumo ukikataa kuisha, mwite fundi umeme apime ethi ya jengo. Katika majengo mengi ya zamani kosa huwa pale.

Vilele visipokuwa vizidishi vya 50, mshuku sanduku. Mawimbi ya juu ya mchanga mlegevu huenda polepole, mara nyingi chini ya mita 200 kwa sekunde. Yakienda mita 100 kwa sekunde, kwa hezi 100 urefu wa wimbi ni mita 1, yaani karibu sawa na sanduku lenyewe. Wimbi likigonga ubao linarudi, linakutana na linalokuja, na sanduku zima linapata masafa yake. Ili kujua, sogeza bomu bandia sentimita 20 bila kugusa kingine. Kilele cha bomu kitalifuata bomu, cha sanduku kitabaki palepale. Kupunguza, pachika godoro la sponji kwenye kuta za ndani, au tafuta sanduku kubwa zaidi. Chumba nacho kina masafa yake, hasa kikiwa kidogo chenye kuta za saruji. Ukiweza kutoa mtambo nje chini ya paa la turubai, toa.

Halafu kuna kosa ambalo wanafunzi hulikubali kwa shida: jiofoni inasikia hewa, si ardhi. Sauti ya desibeli 100 inalitikisa ganda la jiofoni lenyewe na waya wake. Ining'inize kwa mpira sentimita 5 juu ya mchanga, isiguse chochote, upige sauti ileile. Grafu ikifanana na ya mchangani, basi siku zote hizo ulikuwa ukipima maikrofoni ya bei ghali. Ifunike kwa kasha dogo lenye sponji, waya wake uuzike kina cha kidole, kisha urudie. Lengo ni usomaji wa hewani uwe sehemu ndogo kabisa ya usomaji wa mchangani.

Kwa wanaotumia leza, kosa hilohilo huvaa sura nyingine: sauti inatikisa stendi. Elekeza leza kwenye jiwe zito au tofali lililo sakafuni mbali na sanduku. Tofali "likicheza", kinachocheza ni stendi yako. Isogeze mbali na spika, ining'inize mifuko ya mchanga kwenye miguu, na hakikisha spika na leza hazishiriki meza wala fremu moja.

## Dalili: kilele kinahama kila unapopanda jiofoni upya

Jiofoni na mwiba wake ni uzito uliokaa juu ya udongo unaonesanesa, na jozi hiyo ina masafa yake. Kwenye mchanga mlegevu masafa hayo huangukia juu ya hezi 100, yaani ndani ya eneo letu. Kwa hiyo kilele kizuri, kirefu, kinachopendeza machoni kinaweza kuwa cha jiofoni.

Ing'oe, ipande upya sentimita 1 pembeni, mara tatu. Kilele cha bomu hakitahama sana. Kilele cha upandaji kitaruka huku na huko. Sindilia mchanga kidogo kabla ya kupanda, tumia mwiba mrefu zaidi, na uhakikishe jiofoni imesimama wima.

Kuna jingine ndani ya hilo. Jiofoni yenye gramu mia kadhaa ikikaa juu ya bomu dogo inaongeza uzito kwenye mfuniko na kushusha masafa yake. Badilisha uweke kihisi chepesi cha mchapuko cha aina ya chipu, kama vile vilivyomo kwenye simu lakini chenye kelele ndogo zaidi. Utaona kilele kikipanda. Ndiyo sababu watafiti waliokuwa na uwezo walikimbilia leza.

Na hapa sina budi kusema wazi. Kwenye mchanga wenye bomu bandia, kuchoma mwiba ni kawaida. Kwenye ardhi inayoshukiwa, kuchoma chochote ardhini kwa mkono usiofunzwa ni kujitafutia kifo.

## Dalili: usomaji wa leza unakatikakatika

Mara nyingi ni fokasi. Sogeza lenzi polepole hadi kipimo cha nguvu ya mwanga unaorudi kifike juu kabisa, na urudie kila unapobadili urefu wa stendi. Ikishindikana, angalia rangi ya udongo: mweusi uliolowa hurudisha mwanga kidogo kuliko mchanga mkavu wa mtoni. Kwenye sanduku unaruhusiwa kunyunyizia rangi nyeupe nyepesi au kubandika kipande cha stika ya kuakisi ili kujua tatizo liko wapi. Mwanga ukirudi vizuri hapo, mtambo ni mzima na shida ni uso wa udongo.

Kisha angalia majani. Unyasi mmoja unaopita kwenye mwali unatosha kuharibu pointi nzima, kwa kuwa unacheza kwa upepo kuliko udongo unavyocheza kwa spika. Ukate kwa mkasi, usiung'oe, maana kung'oa kunalegeza udongo.

Mikatiko mifupi mikali inayobaki hata baada ya hayo hutokana na madoadoa ya mwanga wa leza kwenye uso wenye chembechembe. Sogeza mwali milimita moja au mbili na upime tena, halafu chukua wastani. Kumbuka hesabu yake: ili kelele ya kubahatisha ipungue nusu, unahitaji vipimo mara nne. Kwa sababu hiyo kuchunguza mita moja ya mraba kwa mwali mmoja huchukua muda mrefu, na huko Mississippi ikabidi watumie vifaa vyenye miali mingi kwa pamoja.

Soma lebo ya leza kabla ya kuiwasha. Ya daraja la 2 ni dhaifu kiasi kwamba kope huwahi kufumba, ila usiitazame makusudi. Ya daraja la 3B inahitaji miwani yake maalumu na mtu aliyefunzwa. Leza ikianguka, au kasha lake likifunguka, zima, chomoa, mpelekee fundi wa vifaa hivyo. Zipo zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho, na hutajua inamwaga wapi.

## Dalili: jana kilikuwepo, leo hakipo

Udongo umebadilika. Hiyo ndiyo sababu mara nyingi kiasi kwamba sianzi tena na kompyuta.

Maji ni ya kwanza. Sauti ya hewani huingia ardhini kwa kupitia matundu. Mvua ikiyajaza maji, mlango umefungwa, na spika ileile inautikisa udongo kidogo sana. Mchanga wenye unyevu mdogo nao hushikana na kuwa mgumu kuliko mkavu, hivyo kilele kinapanda masafa na kupungua urefu. Kwa hiyo chunguza masafa mapana kila siku, usikazanie hezi moja uliyoipata jana. Jua likipiga baada ya mvua, juu hujitengeneza gamba gumu; livunje kwa vidole kwenye kona moja ulinganishe.

Pili ni kushuka kwa udongo. Shimo lililofukiwa leo lina udongo mlegevu kuliko majirani zake, na udongo mlegevu hucheza zaidi hata bila bomu. Usomaji wa siku ya kwanza unapendeza kwa sababu hiyo tu. Fanya hivi: chimba mashimo mawili yanayofanana, moja uweke bomu bandia, jingine ulifukie tupu. Pima yote mawili kila siku hadi tofauti itulie. Ukikosa shimo tupu, hujui unapima bomu au unapima jembe lako.

Tatu, na hutokea mara chache, betri ya kihisi imeshuka au waya umekatikia ndani ya kichwa chake. Gonga sanduku kidogo kwa kidole. Kama grafu hairuki, fuata waya kwa multimita.

## Dalili: king'ora pasipo na bomu

Mawe hayasumbui sana hapa, na hiyo ndiyo fadhila ya njia hii. Jiwe ni gumu, halibonyei, kwa hiyo juu yake udongo hutulia badala ya kucheza. Wanaosumbua ni vitu vyenye uwazi: makopo, chupa za plastiki, vifuu vya nazi vilivyofukiwa, mashimo ya panya, ya kaa kwa walio pwani, na vijumba vya mchwa. Mizizi iliyooza katikati nayo imo.

Angalia umbo kabla ya ukubwa wa kilele. Bomu la mviringo huchora doa la mviringo lenye kingo, na masafa yake hayabadiliki ukisogea ndani ya doa. Shimo la panya huchora mstari. Mchwa huchora doa lisilo na kingo linaloyeyuka pembeni. Baada ya hapo ongeza njia ya pili, metali au rada ya kupenya ardhini.

Kwenye sanduku lako, fukua uone. Mahali pengine popote, king'ora huchukuliwa kuwa bomu mpaka mtegua mabomu aseme vingine.

## Dalili: kwenye njia ya masafa mawili, kila pointi inaonyesha bomu

Njia ya Donskoy inatumia masafa mawili kwa wakati mmoja. Mfuniko na udongo unaougonga havifuati mtetemo kwa usawa, hivyo huzaa masafa mapya: tofauti ya yale mawili na jumla yake. Jiwe halizai kitu hicho kwa kiwango hicho.

Kama kila pointi inazaa, anayezaa ni amplifaya yako. Masafa mawili yakipita kwenye amplifaya moja iliyofunguliwa hadi mwisho huchanganyikana humohumo. Thibitisha kwa maikrofoni mbele ya spika: ukiyakuta masafa ya tofauti hewani, kosa halipo ardhini. Tumia amplifaya mbili na spika mbili, kila moja na masafa yake, na ushushe sauti. Usichague 137 na 163, maana jumla yake ni 300 na hapo umeme wa ukutani unakusubiri. Hezi 137 na 172 zinakupa 35 na 309, pasafi pote.

## Dalili: ndani kinafanya kazi, nje hakifanyi

Ni upepo, barabara na jenereta ya jirani. Pima alfajiri. Kokotoa koherensi, yaani kiasi gani cha mtetemo uliosoma kinatokana na sauti uliyoitoa wewe. Inaanzia 0 hadi 1, na pointi iliyo chini ya 0.8 irudie.

## Simama, mwite mwenye kazi yake

Watu hunihoji kama sauti yenyewe inaweza kulipua bomu. Hesabu inatuliza: desibeli 120 ni shinikizo la paskali 20, na juu ya mfuniko wa milimita 112 hiyo ni sawa na uzito wa gramu 20 hivi, wakati PMN huhitaji kilo kadhaa. Hesabu hiyo haikuruhusu kusogea. Kinacholipua bomu ni mguu wa anayebeba spika, stendi anayoisimika, jiofoni anayoichoma, na fyuzi ya zamani ambayo hakuna anayejua imechakaa kwa namna gani.

Akikualika mtu ukajaribu mtambo wako kwenye eneo la vita ya zamani, iwe Kongo, Somalia, Sudan Kusini au Angola, kataa. Kazi hiyo inaongozwa na viwango vya kimataifa, IMAS, na mamlaka ya nchi ndiyo huidhinisha taasisi za kuifanya. Rwanda ilitangaza kumaliza mwaka 2009, Burundi 2011, Uganda 2012, Msumbiji 2015, na zilifika hapo kwa wategua mabomu waliofunzwa, hatua kwa hatua.

Usichimbe sanduku la nje mahali palipowahi kuwa uwanja wa shabaha wa jeshi, wala karibu na maghala ya silaha. Milipuko ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 ilirusha mabomu hadi kwenye makazi ya watu. Uliza serikali ya mtaa kabla ya kupiga jembe.

Ukichimba ukakutana na kitu usichokifahamu, cha plastiki au cha chuma, acha jembe pale lilipo. Usikivute, usikimwagie maji, usikifunike. Waondoe wenzako kwa njia mliyoingilia, zuia watoto na mifugo. Mkishafika mbali, piga 112 Tanzania, au 999 Kenya.

Ukigundua umeshaingia ndani ya eneo linaloshukiwa, usipige hatua nyingine. Simama palepale, waonye walio nyuma yako wasimame, paza sauti kuomba msaada, usubiri. Anayekuja kukusaidia atataka kujua umeona nini, rangi yake, ukubwa wake na kiko umbali gani kutoka ulipo. Mweleze kwa mdomo. Usisogee ili upate picha nzuri zaidi.